Kati ya UMISETA na Jeshi, Nani Anamlea Mkimbiaji?

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimfikia Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Baada ya kilomita 42 na ushee, ilibidi picha iamue. Ikaamua Simbu. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza tangu Mashindano ya Dunia ya Riadha yaanze.

Siku ile simu zetu zilijaa bendera. Kila mwenye cheo alipost pongezi, na wengine waliandika kana kwamba walikimbia naye. Sina shida na pongezi, hata mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila makamanda, kuna swali ambalo sikuona mtu akiliuliza siku ile, na mpaka leo linanisumbua. Vijana waliokuwa wakikimbia na Simbu alipokuwa na miaka 17, wengine wakimwacha kabisa mbioni, wako wapi leo?

Mimi nasoma sheria, si kocha. Naandika kuhusu riadha kwa sababu hili ninaliona kuwa suala la sheria na bajeti kuliko suala la mapafu. Hoja yangu ni fupi. Mkimbiaji wa Tanzania akiwa shuleni ana mwalimu wa michezo, na akifika timu ya taifa ana bendera. Kati ya hapo, tuseme kuanzia anapomaliza kidato cha nne mpaka anapofika miaka 23 hivi, hana mtu anayewajibika juu yake. Hana mwajiri, hana kocha wa kudumu, hana bima, hana mwanasheria. Nchi inamwachia bahati, kisha bahati ikimfikisha Tokyo, nchi inadai ni yake.

Mapafu hayajawahi kuwa tatizo

Tuanze na historia, maana kuna watu wanapenda kusema Watanzania hatuna asili ya mbio kama jirani zetu. Si kweli hata kidogo.

Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki akichechemea na goti limefungwa bandeji, na dunia inamkumbuka mpaka leo. Mwaka 1974, Christchurch, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Alikuwa na miaka 20 tu. Mwaka uliofuata akavunja na ya maili. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, akarudi 1982 akashinda mita 10,000. Moscow 1980, Bayi alileta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5,000. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989.

Karibu zaidi na umri wetu yupo Fabian Joseph. Huyu vijana wengi hawamjui kabisa. Alipata fedha ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2003, akapata fedha tena 2004, na mwaka 2005 akawa bingwa wa dunia. Yote hayo kabla hajatimiza miaka 20.

Kwa hiyo Mbulu, Karatu, Hanang, Singida na Arusha hawajaishiwa watu. Mwinuko ni uleule, vilima ni vilevile, na watoto bado wanatembea na kukimbia umbali mrefu kwenda shule. Hata hivyo, medali za Olimpiki za Tanzania mpaka sasa ni zile mbili za 1980. Miaka 45. Wazazi wetu walikuwa wadogo, wengine hawajazaliwa. Ukikuta shamba linatoa mche mzuri kila mwaka lakini mavuno hayaonekani, huwezi kuulaumu udongo. Unamuuliza mwenye shamba anafanya nini mche ukishaota.

Miaka ambayo mtu anapotea

Tuangalie njia yenyewe ilivyo. Dogo anaonekana UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi. Akifika sekondari anapelekwa UMISETA, anakimbia mita 1,500 na 3,000 au 5,000, anapata medali, tisheti na cheti. Hayo ni mazuri. Msisahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata hiyo michezo ya shule iliwahi kusimamishwa na Serikali, kizazi kizima kikapita bila ngazi ya kwanza. Leo ipo, tunashukuru.

Tatizo linaanza siku ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Siku ile anapoteza kwa mpigo mmoja mwalimu wa michezo, uwanja, ratiba ya mashindano, na kama alikuwa bweni, hata mlo wa uhakika. Ana miaka 17 au 18. Nyumbani wanamwona mtu mzima, wanategemea alete kitu. Anachunga, analima, anaendesha bodaboda ya mtu, anabeba tofali. Mazoezi anayafanya alfajiri kabla ya kibarua, na jioni kama mwili bado unakubali.

Na hapo ndipo mwili unapohitaji uangalizi kuliko wakati wowote. Mbio ndefu ni mchezo wa kujenga taratibu. Kilomita za wiki zinaongezwa kidogo kidogo, kwa miaka, ili mifupa na misuli izoee mzigo. Akiongeza haraka mno anaanza na maumivu ya ugoko, kesho mfupa una ufa, na kwa kuwa hana daktari anapaka dawa ya kuchua na kuendelea kukimbia. Chakula nacho: huwezi kukimbia kilomita 150 kwa wiki kwa ugali na mchicha wa mara moja kwa siku. Mapumziko ni sehemu ya mazoezi, lakini nenda kamwambie kijana wa kibarua apumzike mchana uone atakavyokutazama.

Tusisahau pia kwamba kung'ara ukiwa kijana si hakikisho popote duniani. Hata Kenya na Ethiopia wengi wanaotamba chini ya miaka 20 hawafiki juu. Wengine walikomaa mapema tu kuliko wenzao, na wengine walichoshwa kwa mazoezi ya watu wazima wakiwa bado watoto. Wapo pia waliokimbia na umri wa kwenye karatasi usio wao, wakawakatisha tamaa watoto halisi waliokuwa wanashindana nao. Kwa hiyo sidai kila bingwa wa UMISETA awe Simbu. Ninachodai ni kwamba anayeachwa njiani aachwe na saa, si njaa.

Mtazameni Simbu mwenyewe. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016. Shaba ya dunia London 2017. Wa saba Olimpiki ya Tokyo. Wa pili Boston, Aprili 2025. Dhahabu aliipata akiwa na miaka 33. Kati ya Rio na dhahabu ile kuna miaka tisa ambayo mtu alitakiwa kula, kulala, kutibiwa na kuendelea kuamini. Aliwezaje? Simbu ni askari wa JWTZ. Alikuwa na mshahara.

Na si yeye peke yake. Bayi alitoka jeshini. Ikangaa alitoka jeshini. Ukichambua mafanikio yetu ya mbio ndefu, mara nyingi unakuta kombati chini ya jezi. Jeshi linastahili heshima kwa hilo na sitaki mtu aninukuu vibaya. Lakini jeshi haliajiri ili kukuza riadha, linaajiri kulinda nchi. Nafasi zake ni chache, zina masharti ya elimu, umri na afya, na haziwezi kuwa sera ya michezo ya taifa la watu zaidi ya milioni 60. Kijana aliyekosa nafasi jeshini kwa sababu ya alama za kidato cha nne hajakosa miguu.

Barabara inamwita mapema

Katikati ya ukame huo kuna kitu kimoja kinacholipa: mbio za barabarani. Tangu Kilimanjaro Marathon ianze Moshi, mbio za aina hiyo zimeongezeka mpaka karibu kila mkoa una zake. Benki ina mbio, kampuni ina mbio, taasisi ina mbio. Washindi wanapewa fedha taslimu, na kwa dogo wa kijijini, laki tano ni mtaji.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 18 aliyetakiwa kuwa anajenga kasi kwenye mita 1,500 na 5,000 anaingia nusu marathoni Jumapili hii, na Jumapili ijayo yuko mkoa mwingine. Shirikisho la Riadha la Dunia haliruhusu wakimbiaji wa chini ya miaka 20 kushindana marathoni katika mashindano yake, na lina sababu: mwili bado. Huku kwetu, mwenye ada ya kiingilio anapewa namba ya kifuani na maisha yanaendelea.

Mimi simlaumu dogo. Ungekuwa wewe, mama anaumwa na mdogo wako anadaiwa michango ya shule, ungechagua kujenga kasi ya uwanjani kwa ajili ya mashindano ya miaka sita ijayo? Na uwanja wenyewe uko wapi? Dar es Salaam kuna tartani pale Benjamin Mkapa, ila dogo yuko Katesh. Uchaguzi wake ni wa akili kabisa kwa mtu ambaye hana mtu nyuma yake. Lawama ziende kwa waliohakikisha kwamba huo ndio uchaguzi pekee alio nao.

Binti ana milima miwili

Kwa wasichana hali ni nzito zaidi, na wanaume wengi wanaoandika kuhusu riadha huwa wanaliruka hili.

Binti anayekimbia kilomita nyingi huku anakula kidogo, hedhi inaweza kukatika. Wengi wanafurahia kwamba usumbufu umeisha. Kumbe ni mwili unalia njaa, na mifupa inaanza kudhoofika kimyakimya. Atavunjika mguu akiwa na miaka 20 na hatajua kwa nini. Atamwambia nani, wakati kocha ni mwanaume na hospitali ya wilaya haina daktari wa michezo?

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Wanaofuatilia Bunge mnajua jinsi Serikali ilivyoburuta miguu baada ya hapo. Mwaka 2017 tuliambiwa hadharani kwamba binti akizaa, shule basi. Mpaka Novemba 2021 ndipo waraka ukatoka wa kumruhusu arudi. Hesabuni ni mabinti wangapi wenye mbio walipitia miaka ile minne. Mtoto wa kike aliyefukuzwa shule alifukuzwa na UMISETA pia.

Na uzazi haumalizi mbio, tusidanganyane. Faith Kipyegon wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 mwaka 2012, akachukua dhahabu ya Olimpiki 2016, akajifungua 2018, akarudi na kuchukua dhahabu nyingine 2021 na 2024. Kwetu tunaye Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Binti wa Kitanzania anaweza. Tatizo ni kwamba tunawaangalia wale waliopenya tu, wale waliokwama hatuna hata orodha yao.

Karatasi aliyosaini bila kuisoma

Hapa sasa niko nyumbani, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mwaka jana kijana mmoja mkimbiaji aliniletea mkataba nimsomee. Kurasa nne, Kiingereza kitupu. Alikuwa ameusaini akiwa na miaka 17, na sasa ana 19. Meneja alikuwa anachukua asilimia 30 ya kila atakachopata, iwe zawadi ya ushindi, iwe posho ya kualikwa. Mkataba unajihuisha wenyewe kama hakuna taarifa ya maandishi miezi sita kabla. Hati yake ya kusafiria ilikuwa kwa meneja, "kwa usalama". Nilimuuliza, ulipousaini ulielewa nini? Akaniambia, "Dada, nilielewa kwamba nitaenda Ulaya." Hakuwa ameenda.

Sasa sikieni sheria inasemaje. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inataka anayeingia mkataba awe amefikia umri wa utu uzima. Kila aliyesoma somo la mikataba ameimeza kesi ya Mohori Bibee ya 1903: mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Hati ya kusafiria ni mali ya Serikali, si dhamana ya kumshikilia mtu. Na tangu 2021 sheria zetu zenyewe zinataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo kwenye vitabu kijana wangu alikuwa huru kabisa.

Kwenye maisha hakuwa huru. Kwanza hakujua. Pili, mkataba ukiwa batili unakuwa batili hata kwake: kama meneja amekula zawadi yake, kijana anabaki hana karatasi ya kuisimamia, na kufungua shauri ni nauli na muda ambao hana. Tatu, akishafikisha miaka 18 analetewa karatasi mpya, na hiyo inambana kweli. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mpaka miaka 18, na hata haki ya kucheza imetajwa humo. Riadha ya dunia inamhesabu kijana mpaka 19. Ndani ya hiyo miaka miwili, ambayo kwa kocha bado ni mtoto na kwa sheria ni mtu mzima, ndipo mameneja wabaya wanapovuna.

Wapo mameneja waaminifu, na mkimbiaji wa kulipwa hawezi kuingia mbio kubwa bila mtu wa kumwombea nafasi. Lakini mwaminifu hana haja ya kuogopa mkataba wa Kiswahili, wenye ukomo, uliosomwa na mtu wa tatu.

Sheria iliyozaa Baraza la Michezo la Taifa ni Namba 12 ya 1967. Imezaliwa mwaka mmoja kabla Akhwari hajaenda Mexico, zama ambazo mwanariadha kulipwa ilikuwa kosa la kufungiwa. Sera ya Maendeleo ya Michezo tuliyokulia ni ya 1995, miaka miwili kabla Mashindano ya Dunia ya Riadha hayajaanza kulipa zawadi za fedha. Mwaka 2025, bingwa wa marathoni ya dunia analipwa dola 70,000. Huwezi kulinda mtu kwenye soko la leo kwa fikra za zama za ridhaa.

Mtu atauliza, mbona usiende mahakamani? Ibara ya 11 ya Katiba inazungumzia haki ya mtu kujielimisha na kufuata fani anayoipenda hadi upeo wa uwezo wake. Nzuri sana kuisoma. Rudi nyuma ibara ya 7(2) uone: masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahakama yoyote. Jaji hawezi kuilazimisha Serikali imjengee dogo wa Hanang njia. Anayeweza ni mpiga kura na chama kinachobeba hoja yake. Ndiyo maana naandika hapa na si kwenye hati ya madai.

Uganda walifanyaje?

Naichukua Uganda makusudi, maana ukitaja Kenya watu wanasema "aah, wale wamezaliwa hivyo". Waganda baada ya dhahabu ya John Akii-Bua mwaka 1972 walikaa miaka 40 bila dhahabu ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich, askari magereza, aliposhinda marathoni ya London 2012. Walikuwa kama sisi tu.

Halafu akaja Joshua Cheptegei. Mwaka 2014 akawa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 wa mita 10,000. Machi 2017, mbio za nyika za dunia zikiwa Kampala kwao, mbele ya Rais wake, aliongoza karibu mpaka mwisho, kisha mwili ukagoma, akamaliza wa 30. Ana miaka 20, ameaibika mbele ya taifa. Kwa hesabu za kwetu huyo ameisha, anarudi kijijini. Miezi minne na siku chache baadaye akachukua fedha ya dunia London. Kisha dhahabu ya dunia 2019, dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000, na Paris 2024 dhahabu ya mita 10,000. Alikuwa na kambi, alikuwa na kocha, na polisi ya Uganda ilikuwa imemwajiri.

Kenya nao hawakutegemea kuzaliwa tu. Shule kama St. Patrick's pale Iten, alikofika Brother Colm O'Connell mwaka 1976, ziliunganisha darasa na uwanja. Juu ya shule kuna polisi, magereza na jeshi, na katikati kuna makambi. Mtoto akitoka mkono mmoja anapokelewa na mwingine. Sitaki tuige kila kitu chao, maana na wao wana vilio vya mikataba na janga la dawa haramu. Ninachotaka tuige ni kupokezana.

"Serikali haina hela"

Hili jibu tumelizoea. Tena linakuja na sura ya huruma: kuna zahanati hazina dawa, wewe unaongelea mbio?

Sawa. Ila mwaka 2023 Rais Samia alitangaza shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF, na hela ikatoka. Tukaliita Goli la Mama, tukacheka, tukashangilia. Mimi ni mwananchi, nilishangilia goli na nikanuna kwa hesabu. Milioni 5 ni nini kwa mkimbiaji wa miaka 18? Ni zaidi ya laki nne kila mwezi kwa mwaka mzima. Ni chakula, viatu na nauli. Goli moja ni mwaka mmoja wa mkimbiaji mmoja. Klabu zile zina wadhamini, zina viingilio, zina jezi za kuuza. Dogo wa Mbulu ana nini?

Na hela ya mfumo ipo pia. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali ilikubali sehemu ya kodi ya ubashiri wa matokeo ya michezo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Vijana ndio tunaobeti, tusijifiche. Basi tuna haki ya kuuliza hela yetu inakwenda wapi, kwa mchezo gani, mkoa gani, na kwa mtu wa umri gani.

Tunachotaka

Napendekeza ngome yetu ya vijana iyachukue haya matano na kuyageuza kuwa muswada. Chama kikiwa nje ya Bunge hakikatazwi kuandika muswada, kuuchapisha na kuwapelekea wananchi.

Kwanza, posho ya mpito. Kila mwaka wanariadha bora wa UMISETA wachaguliwe kwa muda wa saa na tathmini ya makocha, wapewe posho ya miaka minne kutoka Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na majina yao yatangazwe hadharani. Wakichaguliwa gizani, watachaguliwa watoto wa wakubwa.

Pili, daftari la mikataba. Mkataba wowote kati ya meneja na mwanariadha wa chini ya miaka 21 uwe kwa Kiswahili, uwe na ukomo, uwe na kiwango cha juu cha asilimia, na usajiliwe. Usiposajiliwa, usimbane mwanariadha. Kushikilia hati ya kusafiria ya mtu liwe kosa linaloadhibiwa.

Tatu, kikomo cha umri barabarani. Waandaaji wa mbio wazuiwe kusajili walio chini ya miaka 20 kwenye marathoni, na sehemu ya ada za kiingilio irudi kwenye mbio za nyika na uwanjani za vijana katika mkoa husika.

Nne, vyeti. RITA wafike kwenye mashindano ya UMITASHUMTA. Mtoto aondoke pale na cheti cha kuzaliwa. Tutapunguza udanganyifu wa umri, na dogo akialikwa nje hatakwama Uhamiaji akitafuta shahidi wa siku aliyozaliwa.

Tano, makocha wanawake na huduma ya afya kwa mabinti kwenye kila kambi inayotumia hela ya umma. Na binti aliyejifungua abaki kwenye posho yake.

Kuna jambo moja halihitaji muswada. Wanafunzi wa sheria tuko vyuo vingi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Tunaweza kuanza kusoma mikataba ya wakimbiaji bure, chini ya usimamizi wa mawakili. Ila tufanye kwenye vituo vya msaada wa kisheria vya vyuo, si kwenye ofisi za chama, na tusimuulize mtu kadi. Mnajua kwa nini. Kijana anayesubiri nafasi jeshini akionekana anatoka ofisini kwetu, tunaweza kuwa tumemfungia mlango mmoja pekee alionao. Hiyo ndiyo nchi tunayoishi, na mpaka tuibadilishe, tusiwatumie vijana hawa kupigia picha kama wanavyofanya wenzetu.

Kijana yule wa mkataba wa kurasa nne bado anakimbia. Tulimwandikia barua ya kuvunja mkataba, na hati yake ya kusafiria ilirudi baada ya wiki mbili, bila maelezo. Sasa hana meneja wala kocha, na asubuhi anabeba mchanga. Anatimiza miaka 20 mwaka huu. Bayi katika umri huo alikuwa na rekodi ya dunia.

Anayetaka kusaidia kuandika muswada, aje inbox. Wa michezo, wa uhasibu, wa afya, wote mnahitajika. Njooni na vifungu, si na bendera tu.